Kiti Kilichokaliwa na Magodoro

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: umewahi kusema uongo mdogo wa huruma, kisha ukageuka ukaukuta umekaa kwenye kiti chako?

Wangu ulikaa miaka minne. Nitakueleza ulivyoingia na ulivyotolewa.

Mwanangu ana gari dogo la bluu, lile la aina ambayo mlango wa buti hufunguka kwenda juu. Mbele anakaa yeye na mke wake, ambaye ni muuguzi. Nyuma wanakaa wajukuu zangu wawili. Mkubwa tunamwita Chiriku, ana miaka tisa, na hanyamazi hata akiwa na mswaki mdomoni. Mdogo ni Kifungo, ana miaka mitano, mviringo hivi, na huwezi kumpita bila kutaka kumbonyeza. Baada yao kinabaki kiti kimoja cha nyuma, cha dirishani, upande wa kushoto. Hicho ndicho kilikuwa changu.

Safari ya kwanza ya gari lile ilikuwa ya kwenda ziwani, siku nne. Nilikuwa nimepiga pasi gauni langu la maua tangu jana yake, na mkoba wangu nimeuweka mlangoni kabla hata jogoo hajakohoa. Mwanangu akapakia. Akapakia masufuria, akapakia jiko la gesi, madumu ya maji, mabegi. Buti likajaa pomoni. Nje yakabaki magodoro mawili ya kukunja na mablanketi manne, kwa sababu nyumba ya kupanga kule ziwani ina vitanda viwili tu.

Alijikuna kisogo. Akayatazama magodoro, akanitazama mimi, akayatazama tena magodoro. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku alipovunja birika akiwa darasa la pili. Mzazi ni mzazi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nendeni tu, mwanangu. Mimi gari hunichafua roho."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu zamani. Nilikuwa nawaficha."

Basi magodoro yakapanda yakakaa pale, yakafungiwa na mkanda kama watu. Mimi nikapunga mkono getini mpaka vumbi likatua, nikarudi ndani kuvua gauni.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilirefuka. Mkwe wangu, kwa kuwa ni muuguzi, aliupokea ugonjwa ule kwa mikono miwili. Aliniletea vidonge. Aliniagiza ninuse ndimu kila nikipanda gari, hata kama ni kwenda sokoni tu, dakika kumi. Nami nikawa nanusa! Mtu mzima mwenye akili zangu, na ndimu puani, kwa ugonjwa niliouzua mwenyewe. Ukweli ni kwamba gari halijawahi kunichafua chochote. Hakuna kitu nipendacho kama kuona miti inarudi nyuma na mimi nimekaa.

Wakaenda ziwani mara saba. Kila wakirudi, Chiriku ananiletea jiwe moja la ufukweni. Niliyaweka yote saba kwenye glasi ya maji juu ya dirisha la jikoni, maana jiwe la ziwani likikauka hupauka, likilowa hung'aa. Walinieleza kwamba ukisimama pale ufukweni, ng'ambo haionekani. Nikawa naosha vyombo huku najiuliza, kama ng'ambo haionekani, jicho linakwenda kusimama wapi? Nilitaka nikalisimamishe la kwangu nione. Lakini kusema nilishindwa. Ningeanzia wapi, na vidonge nimeshapokea?

Likizo iliyopita, kwenye kona moja kali, magodoro yalimwangukia Kifungo. Hakuumia, alicheka tu, lakini mama yake hakucheka. Walipofika nyumbani hata viatu hakuvua. Akasema, "Baba Chiriku, mzigo kukaa na wanangu sasa basi. Tununue keria tuweke juu ya gari, au tusisafiri."

Nilikuwa namenya viazi. Kisu kikasimama. Magodoro yakipanda juu ya gari, kiti kinabaki kitupu. Keria ikichaguliwa vizuri, kiti kipo. Ikichaguliwa ovyo, magodoro yanarudi kukaa. Nikajiambia, wewe bibi, jambo hili usilipe kisogo.

Sasa lazima ujue kwamba mimi elimu yangu ni darasa la saba, lakini nimefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha vyombo vya udongo, chumba cha kufungashia. Vikombe, sahani, mabakuli. Msimamizi wetu alitufundisha kitu alichokiita kupanga kavu. Sanduku halijaletwa bado, unachora ukubwa wake sakafuni kwa chaki, unapanga vitu ndani ya mstari, unaona kinachoingia na kinachobaki. Alikuwa akisema, "Jicho ni laghai. Sakafu haina ndugu." Kwa miaka yote hiyo nilivunjikiwa vikombe kumi na kimoja tu, na viwili kati ya hivyo nilisukumwa.

Mwanangu yeye alikwishachagua kwa jicho. Alinionyesha picha kwenye simu: sanduku refu jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, limechongoka mbele.

"Unaona, Mama? Hili linapasua upepo."

"Upepo umewakosea nini?"

"Mama bwana! Jirani yetu analo. Linameza kila kitu."

"Gari la jirani lina urefu gani?"

Akaizima simu. Gari la jirani lingeweza kuweka la kwetu mfukoni.

Likizo mpya ilipokaribia, Jumamosi asubuhi nikachukua kigoda cha jikoni, nikakiweka kando ya gari, nikapanda. Nikaanza kupima paa kwa shibiri, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, taratibu, kutoka kioo cha mbele kwenda nyuma.

"Mama, teremka, utaanguka," mwanangu akaita. "Na dunia nzima inatumia futi, wewe bado unatumia vidole?"

"Futi yako umeipoteza mara ngapi mwaka huu?"

"Mara tatu," Chiriku akajibu kabla yake.

"Haya. Vidole vyangu sijawahi kuvisahau popote."

Shibiri nane urefu, tano upana. Nikamwambia mwanangu afungue mlango wa buti. Ukapanda juu, na hapo nikaona nilichokuwa nakitafuta: mlango ule ukifunguka, ukingo wake hauishii nyuma, unakuja mbele juu ya paa, kama mtu anayevuta shuka. Nikalaza mpini wa ufagio juu ya paa, nikausogeza nyuma mpaka ukagusana na mlango. Nikatia alama ya chaki. Shibiri moja na nusu ya paa haikuwa yetu, ilikuwa ya mlango.

"Zinabaki sita na nusu," nikasema. "Hilo sanduku lako jeusi lina ngapi?"

"Mita mbili."

Nilijipimia hewani. "Tisa na kidogo."

"Litaingia tu, Mama. Tutalisogeza sogeza."

Sikubishana. Kubishana na mtu aliyependa ni kupoteza mate. Nikaenda zangu kwenye sakafu ya veranda, nikachora kwa chaki shibiri sita na nusu kwa tano, nikawaagiza walete mizigo yote ya safari. Yote, hata viatu. Vizito nikavitenga upande, maana kanuni ya kiwandani ni ile ile: kizito chini, chepesi juu. Masufuria, jiko na madumu ya maji yatabaki kwenye buti. Juu yatapanda magodoro, mablanketi na mabegi ya nguo. Nikayapanga ndani ya mstari, nikayapangua, nikayapanga tena. Mablanketi nikayakunja mara tatu badala ya mbili. Viatu nikavitia nguo ndani yake. Mara ya nne kila kitu kikakaa, na nafasi ya shibiri nusu ikabaki upande mmoja. Kifungo akaja akajilaza pale pale.

"Na mimi mzigo," akasema.

"Wewe mzigo wa ndani, mama. Toka."

Mkwe wangu akatoa mizani yake ya bafuni, tukapima kimoja kimoja, Chiriku akijumlisha kwenye daftari la hesabu. Kilo arobaini na moja. Kisha nikamtuma Chiriku alete kile kitabu kilichokuwa kwenye droo ya gari, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifungua zaidi ya kufutia kioo kwa karatasi zake. Akanisomea palipoandikwa juu ya paa: uzito usizidi kilo sabini na tano, pamoja na keria yenyewe.

"Rudia hapo mwisho, kwa sauti, baba yako asikie."

"PAMOJA NA KERIA YENYEWE!"

Mwanangu alikuwa amekaa ngazini na chai yake. Niliona anatazama simu, anatafuta sanduku lile lina kilo ngapi.

Nikachukua kamba, nikafunga mafundo: fundo la urefu, fundo la upana. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba.

Mchana tukaenda wote kwenye duka la vifaa vya magari. Mimi mbele, dirishani, ndimu mkononi kama kawaida. Barabara ilikuwa nyeupe, upepo mzuri, na nadhani nilijisahau.

"Bibi," Chiriku akaniita toka nyuma, "mbona unaimba?"

"Naimba nisitapike."

Kupitia kioo cha katikati nikaona macho ya mkwe wangu yananitazama toka kiti cha nyuma. Nikainusa ndimu haraka.

Muuza duka alikuwa mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni, mcheshi, na alikwishamwona mwanangu tangu getini. Watu wa biashara wanajua nani amependa. Sanduku jeusi lilikuwa limesimamishwa mlangoni kabisa, limefutwa kwa mafuta.

"Kaka umekuja kwa ajili ya huyu," akasema, analipigapiga mgongoni. "Ukimweka juu, watu hawatauliza unakwenda wapi, watauliza unafanya kazi wapi!"

Mwanangu akacheka mpaka magego. Nikasema, "Mfungeni juu ya gari kwanza, tumwone."

"Bibi, huyu hafungwi kabla hajanunuliwa."

"Hata kiatu hujaribiwa mguuni, baba. Au hapa kwako watu wanavaa wakifika nyumbani?"

Wateja wawili waliokuwa wakichagua vifuniko vya matairi wakageuka. Muuza duka akaona afadhali afunge. Wakalibeba yeye na mwanangu, wakaliweka juu ya vyuma viwili vya kukatiza paa. Kweli lilipendeza, sitasema uongo tena. Gari dogo lilionekana kama limepata cheo.

"Sasa fungua buti," nikamwambia mwanangu.

Akabonyeza. Mlango ukapanda kwa furaha zake zote, ukafika nusu, ko! Ukasimama chini ya tumbo la sanduku. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kupitisha mkono.

"Haya, toa sufuria," nikamwambia.

Mwanangu akainama, akachungulia.

"Au utayaita masufuria yatoke yenyewe?"

"Tulisogeze mbele!" Muuza duka akasema upesi. Wakalisogeza. Likaning'inia juu ya kioo cha mbele kama kofia ya mlevi. Mkwe wangu akaziba mdomo kwa kiganja. Wateja wale wawili hawakuziba kitu.

Likateremshwa. Muuza duka sasa akanitambua mimi kuwa ndiye mnunuzi. Akanileta kwenye mfuko mkubwa wa turubai, unafungwa kwa zipu juu ya gari. "Mwepesi, Bibi, kilo tano tu. Na hauingizi maji."

Nilivua mtandio wangu, nikauweka ndani, nikafunga zipu, nikaomba chupa ya maji. Nikamimina taratibu kwenye mshono. Nikasubiri. Mimi sina haraka. Muuza duka akajikohoza. Nilipoutoa mtandio, pembe moja ilikuwa inadondosha.

"Mvua ikitukuta njiani, godoro hilo atalilalia nani? Wewe?"

"Bibi," akasema, "wewe unachagua keria au unachagua mchumba?"

"Mchumba nilimchagua kwa dakika moja. Ndiyo maana vingine vyote navitazama vizuri."

Alicheka mpaka kalamu ikaanguka, akaiokota akairudisha sikioni. Kuanzia hapo tukawa marafiki. Akanionyesha na keria ya chuma, ya wazi, kama kapu. Imara, lakini ingetaka turubai na kamba kila safari, na mwanangu mafundo yake nayajua mimi, alijifunzia kwenye viatu mpaka darasa la tano.

Nikaanza kuzunguka duka peke yangu. Pembeni kabisa, nyuma ya rundo la mazulia ya gari, juu ya rafu, nikaona mgongo wa kitu cha kijivu, kipana, kifupi, kimejaa vumbi.

"Lile je?"

"Lile?" Muuza duka akaona haya. "Bibi, lile limekaa pale mpaka limeshuhudia ndoa yangu. Halipendwi. Watu wanasema limebonyea kama kobe."

"Mteremshe huyo kobe."

Nikatoa kamba yangu. Urefu wake uliishia kabla ya fundo, ukaacha nafasi ya vidole vinne. Upana ukaishia kabla ya fundo. Plastiki ngumu, kifuniko kimoja, mpira mzuri ukingoni, kufuli yenye funguo mbili. Nikabisha mgongo wake kwa vifundo vya vidole kama tulivyokuwa tukibisha mabakuli kusikia kama yana ufa. Likaitika vizuri. Nikalimwagia maji yaliyobaki: ndani kavu kabisa. Ubavuni limeandikwa kilo kumi na tano.

"Kumi na tano na arobaini na moja," nikasema.

"Hamsini na sita!" Chiriku akapiga kelele. "Na kitabu kinasema sabini na tano! Tumebakiwa na kumi na tisa!"

Likafungwa juu. Mwanangu akashika mlango wa buti, akanitazama, akabonyeza. Mlango ukapanda. Ukapanda, ukapita nyuma ya Kobe kwa upana wa kidole kimoja, ukasimama juu kabisa, wazi. Kifungo ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wateja wakafuata. Hata muuza duka alipiga, halafu akaichomoa kalamu sikioni akaninyooshea.

"Bibi, unatafuta kazi?"

"Nimestaafu, baba. Lakini kamba nitakuazima."

Mwanangu alikuwa bado amesimama mbele ya mlango ule uliofunguka. Akasema polepole, "Mama, ungenishinda nyumbani. Kwa nini umeniacha mpaka dukani?"

"Ulikuwa umependa. Mtu aliyependa lazima aguse."

Jioni ile ile tulipakia kwa majaribio, maana safari ilikuwa keshokutwa. Nilisimama juu ya kigoda nikielekeza kwa kidole: godoro huku, blanketi pale, begi la Kifungo pembeni kwenye ile nusu shibiri. Kobe akafungwa kwa ufunguo, klik. Vizito vyote vikaingia kwenye buti na mlango ukashuka bila kusukumwa. Kisha mwanangu akafungua mlango wa nyuma wa kushoto.

Kiti kilikuwa kitupu. Kitambaa chake kilikuwa kimepauka pale magodoro yalipozoea kukaa, na mkanda umelala juu yake umekunjika. Miaka minne sikuwa nimekiona hivyo siku ya kupakia.

"Kizuri!" mwanangu akasema. "Hapo linaingia sanduku la barafu, lile kubwa. Turudi na samaki."

"Samaki?" mke wake akasema. "Tumeondoa magodoro tuweke samaki? Afadhali tumchukue mwenzangu wa wodini, hajapumzika mwaka mzima."

"Mimi nataka rafiki yangu!" Chiriku akadakia. "Mmoja tu! Ni mwembamba!"

Wakaanza kukigombania, mmoja huku, mmoja kule, na mimi juu ya kigoda katikati yao. Hawakuwa na ubaya. Mtu mgonjwa wa gari huwezi kumgawia kiti cha gari. Kifungo peke yake ndiye aliyekinyooshea kidole kiti kile, kisha akaninyooshea mimi.

"Bibi akae."

"Bibi roho humchafuka, mama," baba yake akamwambia, na akaendelea na samaki wake.

Nilikuwa bado na ndimu mfukoni. Nikaitoa, nikashuka kwenye kigoda, nikampa Kifungo achezee.

"Uongo," nikasema.

Wote wakanyamaza, hata Chiriku.

"Gari halijawahi kunichafua roho. Siku ile magodoro yalikosa pa kukaa nami nikakuonea huruma, mwanangu, nikasema lililonijia mdomoni. Halafu likanishika."

"Miaka minne?" mwanangu akasema. "Na vidonge je?"

"Vipo vyote kwenye kopo la nyuzi. Sijameza hata kimoja."

Mkwe wangu alianza kucheka polepole, akaegemea nguzo ya veranda, akashuka mpaka akakaa chini kabisa sakafuni, katikati ya mstari wangu wa chaki. "Nilijua!" akasema huku anafuta machozi. "Leo nilijua! Mgonjwa gani wa gari anaimba beti tatu na kiitikio?"

Lakini mwanangu hakucheka. Alikuwa anakitazama kiti, ule uso wa birika umemrudia. "Mama, safari saba. Kwa nini hukusema?"

"Kiti kilikuwa na watu."

Akasogea, akaunyoosha ule mkanda uliokunjika, akakipangusa kiti kwa kiganja, mara mbili, mara tatu, mpaka hapakuwa na cha kupangusa. Kisha akanigeukia.

"Haya, sasa kitupu. Sema mwenyewe, Mama. Unataka nini?"

"Nataka kwenda ziwani," nikasema. "Nataka nikae hapo dirishani, kioo kiwe wazi, na nikitaka kuimba niimbe. Na jiwe la nane nataka niliokote mwenyewe."